Mhariri, hiyo italiki yenu ya Jumamosi si italiki

Kwa Mhariri,

Salaam aleykum. Naandika kuhusu zile kurasa zenu za wikendi, za makala na mashairi, ambazo hivi majuzi mmezibadilisha sura mkaanza kutumia italiki, zile herufi za kulala, kwa vichwa na kwa yale maelezo ya juu kabla makala haijaanza. Kongole kwa hilo, maana magazeti yetu ya Kiswahili yamezoea herufi nene nyeusi juu mpaka chini kama tangazo la mnada. Lakini Bwana Mhariri, mlichoweka hapo si italiki, ni herufi ya wima imesukumwa tu ikaegemea upande, na sisi tunaofanya kazi za chapa huku Mwembe Tayari tunaiona kutoka mbali.

Hebu chukua gazeti lenu lenyewe uitazame a. Ile a ya wima ina kipaa juu na kitumbo chini, na ya kwenu imeinama lakini kipaa bado kiko pale pale. Italiki ya kweli ya serifu, yani ya herufi zenye vimiguu kwenye ncha, ya fonti kama Garamond au Times, a yake haina kipaa, ni kiduara kimoja na kijimkia vile mtu anavyoandika kwa mkono, alafu f mara nyingi inashuka chini ya mstari, na vile vimiguu vya herufi vinageuka vinakuwa mikunjo ya kalamu. Yani ni herufi zilizochorwa upya, moja moja. Sasa programu nyingi ukibonyeza kile kitufe cha kulaza na faili ya italiki haimo ndani ya kompyuta, haikuambii kitu, inailaza ile iliyopo bas, dizaina akiona imeinama anaenda zake chai.

Na kwa Kiswahili kasoro hii inajitangaza zaidi kuliko kwa Kiingereza, kwa sababu sisi a tunazo za kumwaga. Andika "wafanyakazi wa bandari wagoma" uhesabu: a 9 na f juu yake, kwa maneno manne tu. Ukiweka italiki ya kweli kichwa chote kinabadilika sura, ukiweka ya kulazwa basi makosa 9 yamepangana mstari mmoja.

Italiki yenyewe haikuanza kama pambo. Aldus Manutius, mchapishaji wa Venice, mwaka 1501 alitoa kitabu kidogo cha mkononi cha tungo za Virgil, mshairi wa Roma ya kale, kwa herufi alizochongewa na Francesco Griffo, wakifuata mwandiko wa wasomi wa Italia wa wakati huo, na kitabu kizima kililala isipokuwa herufi kubwa, hizo zilibaki wima. Kwa hivyo tangu mwanzo ilikuwa na ushairi, na ndio maana nasema ukurasa wenu wa mashairi ndio unaoihitaji kuliko kurasa zote.

Sababu nyengine ni nafasi. Italiki nzuri kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya wima. Tarbia ya mizani 16 kwa mshororo, ukwapi na utao (yani vipande vyote viwili vya mshororo) mstari mmoja, kwenye safu zenu saa hizi inakatika, kina cha mwisho kinashuka chini peke yake na neno moja, na mshairi wa watu amekesha akipanga vina vyake jamani. Ilazeni kwa italiki ya haki, mishororo mingi itaingia bila kupunguza saizi.

Makala nzima lakini msilaze, tafadhali. Ile ya juzi ya kurasa mbili niliiwacha njiani, macho yalichoka.

Kuhusu fonti ipi, msidanganywe na uzuri wa kwenye skrini. Playfair Display inapendeza, iko bure, na italiki yake ina madaha kwelikweli, ila sehemu zake nyengine ni nene na nyengine nyembamba kama unywele. Kwa kichwa kikubwa sawa. Kwa maelezo ya picha, kwa karatasi ya gazeti inayonyonya wino, ile myembamba inakatika katika na tundu za e zinajaa. Cormorant vilevile, ni ya vichwa. Kwa maandishi madogo mimi ningewapa EB Garamond, nayo bure, au hata italiki ya Times New Roman ambayo watu wanaidharau kwa vile wameizoea, na ilhali ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti hasa, The Times la London, lililoanza kuitumia mwaka 1932.

Alafu kuna ng'. Waandishi wanatuma makala kwa simu na ile alama inakuja kijistari kilichonyooka, kwa habari ndogo haisumbui lakini kwa kichwa cha italiki kikubwa "ng'ambo" inaonekana imechomekwa. Badilisheni muweke ile ya kupinda kabla ukurasa haujaenda mtamboni.

Toleo la Idi mashairi huwa mengi, kwa hivyo mwambieni dizaina aeke faili za italiki kwa kompyuta zote za chumba cha habari, si ya kwake peke yake, kwa sababu ukurasa ukifunguliwa kwa mashine isiyo nayo utarudi mlazo ule ule wa uongo na hakuna atakayejua mpaka gazeti liko mtaani.

Mchapa kadi,
Mwembe Tayari, Mombasa