Kubadilisha namba moja kwenye baiosi: mnatulipa kwa kazi gani?

Juzi mteja katuandikia ujumbe mrefu WhatsApp. Kiini chake ni kwamba tumemchaji hela ya kazi ya siku mbili, wakati tulichofanya ni kufuta 33 kwenye baiosi (settingi za mashine kabla Windows haijawaka) na kuandika 43. Mdogo wake angemfanyia kwa soda. Si wa kwanza kusema hivyo. Kila anayeleta mashine ya zamani tuiovakloki, yaani tuipandishe spidi kupita ya kiwandani, analo neno hilo, mwingine kwa utani, mwingine amekunja uso kabisa. Tunawajibu wote hapa, tupumue.

Namba kweli tumebadilisha. Mashine yake ina Core i5-2500K, prosesa (ubongo wa mashine) ambayo Intel waliitoa Januari 2011, na ile K ya mwisho ndiyo inayofungua kufuli ya spidi. Kutoka kiwandani inatembea 3.3 GHz, na ikibanwa na kazi inajipandisha yenyewe hadi 3.7. Msingi wake, mapigo yanayozidishwa na ile namba ya baiosi, ni 100 MHz. Zidisha mara 43, unapata 4.3 GHz. Hesabu ya darasa la nne. Swali ni kama mashine hiyo, saa nane mchana, Februari ya Dar, kasha limefungwa na feni ya chumbani inasukuma hewa ya moto, itarenda video ya harusi, yaani kuitoa faili la mwisho, mpaka mwisho bila kuganda.

Maana spidi hailetwi na namba peke yake, inadai volti. Na joto linapanda sawasawa na spidi, lakini kwa volti linapanda kwa mraba. Chukua 2500K inayotembea 3.7 kwa volti 1.20. Ipeleke 4.4 kwa volti 1.30: spidi imeongezeka kama asilimia 19, joto kama asilimia 40. Hapo hitisinki nzuri, kile chuma cha kupoza prosesa, inamudu. Sasa ipeleke 4.8 kwa volti 1.45, kama vijana wanavyotaka ili wapige picha ya skrini. Spidi imeongezeka asilimia 9 tu juu ya ile 4.4, ila joto limepanda tena zaidi ya theluthi. Mteja analipia umeme na feni inayopiga kelele ili apate kitu asichokiona kwa macho.

Ndiyo maana wengi tunawaacha 4.3 au 4.4. Si woga.

Njia ya mkato inayotuletea kazi nyingi ni kunakili namba za mtu wa YouTube. Prosesa mbili za jina moja hazilingani: moja inakaa 4.5 kwa volti 1.28, nyingine kwa spidi hiyo hiyo inataka 1.38, na hakuna atakayekuambia yako ni ipi mpaka uipime. Kuna fundi wa video Sinza aliyeandika 4.8 kama alivyoona kwenye simu. Gemu zikacheza, akafurahi. Kazi ikaja: harusi, kamera tatu. Kurenda kukawa kunakatika njiani, leo hapa, kesho pale. Akalaumu programu, akaifuta na kuipakia upya. Akalaumu ramu, akanunua nyingine. Alipotufikia, mafaili mawili ya mradi yalikuwa hayafunguki, na bwana harusi anapiga simu kila baada ya sala. Prosesa isiyo tulivu si lazima izime mashine. Inaweza kukosea hesabu kimyakimya na kuandika takataka kwenye diski. Afadhali ile skrini ya bluu, walau inakwambia kitu: kwenye prosesa za kizazi hiki, namba za kosa 0x124 na 0x101 mara nyingi zinadai volti zaidi au spidi ipungue.

Mkato wa pili ni kile kitufe cha mazabodi, bodi kuu ya mashine, kinachoovakloki chenyewe. Mazabodi haijui kama prosesa yako ni nzuri au mbovu, kwa hiyo inasukuma volti za kumtosha hata yule mbovu kabisa. Tumepokea mashine iliyopandishwa kwa kitufe, inachemka kwenye 4.2, tukaweka volti kwa mkono, spidi ikabaki ile ile na feni ikanyamaza.

Sasa hizo siku mbili. Siku ya kwanza hatugusi spidi kabisa, na hapo ndipo wateja wananuna. Tunapuliza vumbi, tunang'oa hitisinki, tunafuta pesti ya kupitisha joto iliyokauka tangu mashine iko Ulaya na kupaka mpya. Ile hitisinki ya Intel yenye pini nne za plastiki tunaikataa kwa kazi hii. Pini moja ikilegea, upande mmoja unanyanyuka na prosesa inachemka bila feni kusimama. Tunaangalia kapasita, vile vikopo vidogo vya umeme kwenye bodi, kama zimevimba, hasa kwenye mazabodi za zamani zaidi, za soketi 775. Tunapima pawa saplai ikiwa na mzigo. Betri ya baiosi, ile CR2032, tunabadilisha bila kuuliza, maana ikifa umeme ukikatika settingi zote zinapotea. Usiku ramu inalala na Memtest86+, programu ya kuipima, ikiwa kwenye spidi ya kiwandani. Kama mashine inakosea hata kabla hatujaipandisha, tunamwambia mwenyewe na tunaishia hapo. Kuna waliokasirika kwa hilo, wakapeleka kwa mwingine.

Siku ya pili ndiyo ya namba. Tunapanda hatua moja moja, volti kwa mkono, na msingi wa 100 MHz hatuugusi. Enzi za Q6600, prosesa ya soketi 775, msingi ndio uliokuwa unapandishwa: 266 ikienda 333, ile 2.4 GHz inakuwa 3.0, na ilikuwa raha kweli. Kwenye soketi 1155, ya hii 2500K, msingi huo huo ndio unaoendesha pia kadi ya picha na diski, ukiusukuma kidogo tu SSD inaanza vituko. Kila hatua inapita Prime95, programu ya kuibana prosesa kwa hesabu nzito. Wateja wanauliza mbona wao waliiendesha dakika kumi ikapita. Dakika kumi hitisinki hata haijashiba joto! Tena tunapima bila kiyoyozi, makusudi. Chumba kikipanda nyuzi 8, prosesa nayo inapanda karibu nyuzi hizo hizo, na wateja wetu wengi nyumbani hawana AC.

Prime ikipita bado hatutoi. Tunaiacha mashine imekaa tu, maana ziko zinazohimili mzigo mkubwa halafu zinaganda zikipumzika, volti ikishuka chini mno. Tunafungua kumbukumbu za Windows kutafuta maonyo ya WHEA, makosa ambayo prosesa imejisahihisha yenyewe na mtumiaji hakuona kitu. Yakionekana, tunashusha hatua moja. Mwisho tunaendesha kazi ya mteja mwenyewe, video yake au gemu lake.

Hiyo ndiyo hela yenu. Hitisinki tunauza kando, na ukija nayo yako tunaifunga bila nongwa.

Kuna wengine tunawarudisha mlangoni, na hao nao wanadhani tunaringa. Zile HP na Dell za maofisini zilizojaa Kariakoo, zenye i5-2400 au i5-3470, haziovaklokiki kwa maana tunayoisema hapa. Prosesa imefungwa na mazabodi imefungwa. Kijana mmoja alinunua 2600K kwa bei ya kuumiza, akaichomeka kwenye HP yenye mazabodi ya chipu ya Q67, akatuletea "tuifungue". K bila mazabodi yenye chipu ya P67, Z68, Z75 au Z77 ni herufi tu. Mashine kama hizo tunashauri SSD na ramu ya kutosha, na mteja anashangaa kwa hela ndogo kuliko alizokuja nazo. Vilevile, programu inayodai AVX2, seti ya amri za hesabu ndani ya prosesa, haitafunguka kwenye 2500K hata uipeleke 5 GHz. Kitu hicho hakimo ndani yake, kilianza na kizazi cha nne.

Na tafadhali, wembe uwekeni mbali. Wanaovua kofia ya prosesa, kile kifuniko cha chuma juu yake, kwenye video wanafanya hivyo kwa 3570K au 3770K, ambazo ndani zina pesti. 2500K na 2600K zimechomelewa kwa lehemu. Tumeletewa 2600K iliyong'olewa kofia, na kipande cha chipu kimebaki kimeng'ang'ania kwenye kofia. Mwenyewe akauliza kama inagundika.

Waranti yetu ni ya settingi tulizoacha. Tunazipiga picha, tunakupa kwenye flashi na kubandika karatasi ndani ya kasha. Ukirudi na 4.3 yetu imegeuka 4.7, tunaanza upya na unalipa upya. UPS nayo iangalie: ile ndogo ya 650VA iliyokuwa inabeba mashine yako vizuri inaweza kukusaliti umeme ukikatika katikati ya gemu, kwa sababu sasa mzigo umekua.

Ukija, lete kasha zima pamoja na pawa saplai na kadi yake ya picha, si mazabodi kwenye mfuko wa rambo. Beba na faili la kazi yako nzito kuliko zote, na nakala ya vitu vyako ibaki nyumbani. Tunapokea asubuhi, na hakuna inayotoka siku hiyo hiyo, hata ukikaa kwenye benchi kutusubiri.