Asiyelala muulizeni aliona nini

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo, hili jambo limenikaa moyoni siku nyingi. Mdogo wangu ni bodaboda hapa Morogoro, na ile Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipolipuka Msamvu yeye alikuwa ng'ambo ya barabara, hakuungua hata unywele, ila waliokufa walipita mia moja na wengine alikuwa anapaki nao kijiwe kimoja. Toka siku hiyo usingizi ukamkimbia. Saa nane usiku unamsikia anaweweseka, anakurupuka jasho linamtiririka anauliza nani kamwaga petroli, na sheli akawa anamtuma mtu amjazie pikipiki, yeye kasimama kule mbali kaziba pua na shati.

Mtaani wakasema majini hayo, akanyweshwa kombe. Hospitali (siitaji) wakamuuliza anakunywa kahawa vikombe vingapi, wakampa vidonge vya usingizi. Vilimlaza kweli, lakini ndoto ileile ilimfuata humohumo na asubuhi anapanda pikipiki kichwa kizito, hatari tupu. Miaka miwili hiyo na hakuna aliyemuuliza uliona nini.

Aliyeuliza ni mshauri nasaha mmoja kule Dar, akamuanzishia tiba ya kiwewe ya kuchezesha macho, wenyewe wanaiita EMDR. Jamani mimi nilicheka, nilijua mazingaombwe. Mtu anaikumbuka ile picha inayomtesa huku macho yanafuata kidole cha mtaalamu kushoto kulia kushoto kulia, anapumzika, anasema kilichomjia, wanaanza tena, saa nzima au zaidi. Kumbe siyo ya jana, aliianzisha mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, mwaka 1987 baada ya kutembea bustanini akaona macho yakichezacheza mawazo mabaya yanapungua makali, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani (WHO) wakaikubali kwa watu wenye kiwewe. Inafanyaje kazi ndo wataalamu wenyewe bado wanabishana, wengine wanasema inafanana na ule usingizi wa ndoto macho yanapokimbia chini ya kope, wengine wanasema akili ukiibebesha kazi mbili ile picha inafifia.

Ila wale vijana mnaofungua video za kidoti kinachotembea kwenye simu mkajitibu wenyewe chumbani, acheni. Mdogo wangu kikao cha pili alilia mpaka akatapika, asingekuwepo wa kumtuliza sijui ingekuwaje.

Kwa hiyo madaktari wetu, mtu akija miezi hapati usingizi, kabla hujaandika dawa muulize hilo swali moja, halichukui hata dakika. Na nyie waandishi tuandikieni hii tiba inapatikana wapi na bei gani, maana sisi nauli tu ya kwenda na kurudi Dar ilitutoa jasho.

Hajapona kabisa, bado analala taa ikiwaka. Lakini juzi kaenda sheli mwenyewe kajaza tenki, akarudi ananionyesha risiti.

Msomaji wako,
Morogoro