Mtutu mpya subiri kwanza

Hamisi kaka, za Houston? Huku Columbus tupo, shemeji yako na watoto wanakusalimia sana.

Meseji yako nimeiona. Yaani bunduki yako ya Savage Mark II hata mwaka haijamaliza unataka kuibadilisha mtutu kisa risasi zinatawanyika? Tulia kwanza bwana. Hizi bunduki za point 22, za risasi ndogo, zina kiburi, kila mtutu una risasi yake unayoipenda na hakuna wa kukuambia ni ipi mpaka ujaribu mwenyewe, hata bunduki mbili za aina moja zinaweza zisikubaliane.

Kwa hiyo hela ya mtutu chukua kidogo tu ununue risasi, boksi moja moja, CCI Standard Velocity, Federal, Aguila, na SK hata kama bei inauma. Zile za spidi kali achana nazo kwa sasa. Mini-Mag, ile ya CCI ya spidi kali, inatoka kama mita 376 kwa sekunde, imeshaipita sauti, halafu ikienda mbele inapungua mpaka inarudi chini ya spidi ya sauti na hapo ndo huwa inayumba. Standard inatoka kama 326, sauti haiifikii kabisa, inaenda imetulia. Piga tano tano yadi 50, karatasi kadhaa kwa kila aina, sio moja ikitoka nzuri ushaanza kushangilia. Na ukibadilisha aina zile za mwanzo usizihesabu, maana risasi hizi zinapakwa nta au grisi na mtutu bado una ile ya boksi lililopita.

Halafu skrubu. Toa magazini, fungua bolti, chungulia chemba kwa macho yako uhakikishe hamna kitu, ndo ushike bisibisi. Zile mbili zinazobana chuma kwenye kitako zikiwa zimelegea hata ununue risasi ya dhahabu haisaidii, na za darubini pia ziangalie. Zikaze sawasawa kila mara, usikaze kama nati za tairi. Ukimaliza pitisha noti ya dola kati ya mtutu na kitako, ikikwama mahali hapo panagusa, msasa kidogo kwenye kitako unatosha. Triga unairegeza mwenyewe, kile kidude cha kuirekebishia kilikuja kwenye boksi, soma kitabu chake usipite kipimo.

Cha kuegemeza usinunue. Soksi nene, jaza mchele, funga fundo, weka chini ya kitako huku nyuma. Ukiiminya kwa mkono wa kushoto kitako kinapanda na alama ya darubini inashuka, ukiachia alama inapanda, taratibu kabisa.

Na mazoezi ya kufyatua fanyia nyumbani, ila risasi zote ziwe chumba kingine. Bunduki hizi usizifyatue tupu tupu, pini inaweza kugonga ukingo wa chemba ikauharibu, kwa hiyo nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue zile plagi za plastiki za njano za kushikia skrubu ukutani, namba 4-6-8, zinaingia kwenye chemba vizuri tu. Kila moja igonge mara chache halafu uizungushe au uitupe, pakiti nzima ni dola chache.

Ukirudi renji nitumie picha za karatasi, na usinichagulie ile nzuri peke yake, nakujua wewe, tuma zote.

Wako,
Saidi