Kopo la dawa juu ya kabati

Leiden, Uholanzi
Ijumaa usiku

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na shikamoo. Mimi ni mzima, ila baridi tu. Hofu ni juu yenu, wewe na bibi na wote hapo Langoni.

Ama baada ya salamu, nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nina neno la kuungama, na kwenye simu nitacheka. Siku zote nimekwambia nachunguza damu. Si kweli. Nachunguza choo, Mama. Kikubwa. Mwaka wa tatu huu. Nilijua utaulizwa maharusini binti yako anasomea nini Ulaya, nikakuonea haya.

Kila asubuhi natumbukiza mikono katika glavu ndefu zilizobanwa kwenye kasha kubwa la plastiki. Ndani yake hamna oksijeni, maana bakteria wengi wa utumbo ikiwapiga hufa. Humo namwotesha mmoja aitwaye Klostridioidesi difisile. Siku ya kwanza nilipofunua kisahani chake niliduwaa: ilikuwa ile harufu ya banda la punda wa mjomba, alfajiri, kabla halijafagiwa. Wenzangu walikunja pua, mimi machozi yalinilenga. Huku huku Uholanzi, mwaka 2012, ilitoka habari ya mbwa aitwaye Cliff aliyefundishwa kumnusa mdudu huyu wodini. Kati ya wagonjwa 30 akawatambua 25. Mtoto yeyote wa Lamu angeifanya kazi hiyo bila mafunzo.

Mdudu mwenyewe ana hila. Aweza kukaa tumboni mwa mtu asimdhuru, kwa kuwa hana nafasi. Utumbo umejaa bakteria wengine, matrilioni, wamebanana kama watu wa uwanja wa Riyadha usiku wa Maulidi. Mgeni atatia mguu wapi? Tena baadhi yao huigeuza nyongo ikawa kama sumu kwake. Sasa mtu akimeza antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, dawa haichagui, inawafagia na wenyeji. Uwanja ukibaki mtupu, difisile aliyekuwa amejikunyata ndani ya gamba lake anaamka na kumwaga sumu, na mgonjwa anahara maji mchana kutwa. Wazee ndio wanaoumia zaidi. Na hilo gamba, spiriti ya kupaka mikononi hailiui. Lazima mikono ioshwe kwa maji na sabuni.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1954 huko Chicago, Marjorie Bohnhoff na wenzake waliwapa panya salmonela. Panya wa kawaida alihitaji bakteria kama 100,000 ndipo aambukizwe. Aliyenyweshwa kwanza streptomisini, nayo ni antibiotiki, chini ya 10 walimtosha.

Kila nikiikumbuka hesabu hiyo naliona kopo lako.

Lile la biskuti, juu ya kabati, lenye kifuniko kilichobonyea. Vidonge vya rangi mbili alivyosaza baba, nusu ya amoksilini ya kaka, siprofloksasini ya bibi alipougua mkojo. Mtu akikohoa, viwili. Tumbo likisokota, viwili. Juma lililopita umenisimulia kwa furaha ulivyompa mwana wa khalati viwili vya mafua akapoa. Angepoa tu, Mama. Mafua ni ya virusi, na vidonge hivyo havivigusi. Sikulaumu, mimi mwenyewe nimelelewa na kopo hilo, na zamani nikijisingizia tumbo nisiende chuoni, dawa ilikuwa humo humo.

Dawa zenyewe si adui. Daktari akimwandikia bibi, mpe kama alivyoandika. Ila akianza kuharisha wakati anazimeza, au hata wiki kadhaa baadaye, usimzuie kwa za kopo. Mpeleke hospitali, umwambie daktari alikuwa akimeza nini, jina lake na siku ngapi. Hilo ndilo hasa lililonikalisha na kalamu usiku huu.

Wapo ambao ugonjwa huwarudia kila wakimaliza matibabu. Hao, kaa kitako kwanza, hutiwa kinyesi cha mtu mwenye siha, kimechanganywa na maji ya chumvi na kuchujwa. Amsterdam walikipitisha kwa mpira kutoka puani hadi utumboni. Matokeo yalichapishwa 2013: wagonjwa 13 kati ya 16 walipona kwa mara moja, na wawili zaidi kwa mara ya pili. Wenyeji wamerudishwa uwanjani. Habari ya najisi usiniulize mimi, muulize baba, na iwe ameshakula.

Vidonge vilivyomo koponi mpe kaka avipeleke kwa mfamasia, visitupwe baharini. Nisalimie khalati na jirani zote. Nasikia kuna mtu anakuja huku mwezi ujao. Nifungie visheti, lakini tafadhali utie katika kopo jengine.

Bintiyo akupendaye