Mmeeleza baiskeli, mmesahau njia

Bwana Mhariri,

Habari yenu iliyowashauri wafanyakazi wa Lubumbashi waache kugombania viti vya basi na wanunue baiskeli niliisoma yote, na nakubaliana nayo. Mimi mwenyewe natoka Katuba, mojawapo ya komini (wilaya) za mji huu, kwenda kazini mjini kwa baiskeli. Ila mmeeleza bei, gia na tairi, halafu njia mkaiacha kana kwamba kila barabara inayofika mjini inafaa. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Wiki ya kwanza mtu anapita ile barabara kubwa aliyozoea kuiona akiwa ndani ya basi, lori linampigia honi mgongoni, na baiskeli inarudi kuegemea ukuta wa nyumba.

Kwa upande wa ardhi tumebarikiwa. Hatuna vilima vya Bukavu wala mawe ya volkano ya Goma. Lubumbashi imekaa kwenye uwanda, kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na katikati ya mji barabara zilichorwa tangu 1910 kwa mistari iliyonyooka inayokatana. Ukiona avenyu moja imejaa magari, ile ya jirani yake mara nyingi itakufikisha pale pale. Tabu iko kabla ya kufika huko. Wakoloni waliacha ukanda mtupu kati ya mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika. Ukanda huo ulishajengwa zamani, lakini sisi tunaotoka Katuba na komini jirani iitwayo Kenya bado tunabanana asubuhi kwenye barabara chache: mabasi, pikipiki, mikokoteni, wanafunzi, malori. Kwa hiyo mtu asianze kupanga njia mlangoni kwake. Aanze na pale penye msongamano, aamue atapavukia wapi na saa ngapi, ndipo arudi nyuma mpaka nyumbani.

Kuna jambo la usukani ambalo mgeni hawezi kulijua. Sheria inatutaka twende upande wa kuume, lakini magari mengi mjini humu yameletwa yakiwa na usukani kuume vilevile. Maana yake dereva amekaa upande wako wewe mwenye baiskeli. Akisimama mbele ya duka nawe ukampita kwa kushoto, mlango utakaofunguka ghafula kifuani mwako si wake, ni wa abiria. Mimi huacha nafasi ya mlango mzima kati yangu na magari yaliyosimama, hata wa nyuma wakipiga kelele. Halafu dereva huyohuyo akitaka kumpita aliye mbele yake, haoni kinachokuja mpaka ajitokeze katikati ya barabara. Akikuta lori linakuja, anarudi kwa kasi upande wako bila kuangalia. Na basi dogo ambalo mlango wake uko kushoto hushusha watu barabarani kabisa. Ukijaribu kulipita kushoto, unamvaa mama na beseni lake. Subiri nyuma yake, litaondoka.

Kingine ni ukingo wa lami. Barabara zetu nyingi zimeliwa pembeni na mvua, na kati ya lami na udongo kuna ngazi ya kimo cha kiganja kizima. Basi likikusukuma unashuka, na hiyo si kitu. Hatari ni kupanda tena. Tairi la mbele linasugua ule ukingo, linakataa kupanda, na wewe unaangukia upande wa magari. Ndiyo maana naipenda njia ya udongo ya ndani ya mtaa kuliko lami iliyokatika. Nachelewa kidogo, nakula vumbi mwezi wa tisa, lakini naendesha nikiwa mzima. Reli, nayo, ivukwe kwa kuikata moja kwa moja, si kwa mshazari, la sivyo itashika gurudumu.

Msiotaka kuniamini mimi, waulizeni wauza makala, yaani mkaa. Mtu aliyefunga magunia kwa kamba za mpira wa tairi mpaka yakapita kichwa chake, anayesimamisha baiskeli kwa kukandamiza soli ya kiatu kwenye tairi, hawezi kuchagua njia kwa kubahatisha. Anajua udongo ulio mgumu, mteremko usiomkimbiza, kona isiyo na mbwa. (Anajua pia polisi wa barabarani wanasimama wapi, lakini hiyo ni barua nyingine.) Nusu ya njia yangu niliipata kwa kuwafuata.

Wengine hushauri kuijaribu njia Jumapili. Ni sawa, Jumapili itakuonyesha mashimo. Watu itakuonyesha Jumatatu: soko la Kenya likifunguka, barabara ya jana siyo ya leo, na siku timu ya mpira ya Mazembe inapocheza uwanjani Kamalondo afadhali kuzunguka mbali. Tena mvua zikianza, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, ijaribuni upya. Maji yakijaa, mfereji usio na kifuniko na barabara vinakuwa rangi moja nyekundu.

Njia ya kurudi ni habari nyingine. Mwezi wa sita jua linazama kabla kidogo ya saa kumi na mbili, na ule uchochoro mtulivu niliousifu asubuhi huwa mahali pa kunyang'anywa simu na baiskeli pamoja. Jioni napita penye maduka na taa, hata kama magari ni mengi, nikiwa na taa nyekundu nyuma.

Kwa wakubwa wa mji sina ombi la njia maalumu ya baiskeli iliyopakwa rangi; wiki ya pili ingekuwa maegesho. Wanapotengeneza barabara, waufanye udongo wa pembeni uwe sawa na lami, na mifereji waifunike kwa zege zito lisiloibika. Na waajiri watupe pa kuweka baiskeli. Najua ofisi moja mjini ambako gari la mkubwa lina kivuli na sentineli wa kulilinda, lakini mfanyakazi akifika na baiskeli anaambiwa aifunge kwenye nguzo ya umeme huko nje. Wenzangu wawili walirudi kwenye basi kwa sababu hiyo tu.

Ninyi, Bwana Mhariri, mna wasomaji katika komini zote saba. Waombeni watume njia zao, kutoka Ruashi, Kampemba, Annexe na kwingineko, mzichapishe moja moja. Kila mmoja aandike pia saa anayopita, na kama ni kiangazi au masika, maana bila hayo njia yake haitatufaa.

Msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi