Waliojenga Piramidi Kuu ya Giza wanajulikana

Mhariri,

Naomba nafasi nipinge dai linalorudiwa mara kwa mara, kwamba Piramidi Kuu ya Giza, huko Misri, ilijengwa na watumwa au na viumbe kutoka sayari nyingine. Mwaka 1990 yaligunduliwa, kusini mwa piramidi za Giza, makaburi ya wajenzi wenyewe, waliozikwa kwa heshima karibu na mfalme wao pamoja na mitungi ya bia na mikate ya safari ya ahera, heshima ambayo mtumwa asingepewa. Na mifupa yao, iliyochakazwa na mizigo, inaonyesha mivunjiko iliyotibiwa ikaunga. Tena yupo Merer, msimamizi wa kikosi cha wanamaji, ambaye kumbukumbu zake za kazi, zilizoandikwa kwenye mafunjo na kupatikana mwaka 2013 huko Wadi al-Jarf kando ya Bahari ya Shamu, zinaeleza jinsi watu wake walivyosafirisha kwa mashua mawe ya chokaa kutoka machimbo ya Tura hadi Giza enzi za Farao Khufu, mfalme aliyejengewa piramidi hiyo, takriban miaka 4,500 iliyopita. Ni maandishi ya siku hadi siku, ya mtu aliyekuwapo! Inaniuma kuona Waafrika hawa wakinyang'anywa kazi ya mikono yao.

Msomaji wenu