Barua kwa somo yangu wa Tanga

Likoni, Mombasa

Somo yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mama anakusalimu na anauliza magoti yako yanaendeleaje. Barua yako imefika, na nimefurahi mno kusikia umeingizwa kwenye kamati ya afya ya kata. Umeniuliza ilikuwaje Kenya, iliyopata chanjo ya korona miezi kabla yenu na isiyokuwa na rais wa kuikataa, watu wake wengi wakaikimbia. Nakujibu kama nilivyoyaona mimi mhudumu wa afya ya jamii, nikipita nyumba kwa nyumba mitaa hii ya kwetu.

Kwanza tuwatendee haki watu. Mwaka 2021 ulipoanza, shida kubwa haikuwa kukataa. Dozi hazikuwepo. Mapema Machi zilifika dozi milioni 1 na ushei za AstraZeneca kupitia COVAX, ule mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo, zilizotengenezwa India, na kabla mwezi haujaisha India ikazuia chanjo zisitoke kwa sababu wagonjwa wake wenyewe walikuwa wanaielemea. Waliokwisha kuchanjwa mara moja wakaambiwa wangoje zaidi. Wakati huohuo nchi tajiri zilikuwa zimeagiza dozi nyingi kuliko idadi ya watu wao. Jambo hilo linanikasirisha mpaka leo. Mzee anayejikongoja mpaka kituoni akaambiwa chanjo imekwisha, akirudi nyumbani ndipo uvumi unapomkuta amekaa na nafasi ya kuusikiliza.

Na uvumi ulipata pa kushika kwa sababu ya yaliyotangulia. Wakumbuka tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu? Saa moja usiku kila mtu awe ndani mpaka saa kumi na moja alfajiri. Wewe umekivuka kivuko hiki, wajua jioni kilivyo: watu wa Likoni na Kwale kazi zao ziko kisiwani na bandarini, na kurudi kwao ni feri. Abiria wa kila feri walikuwa wamepunguzwa ili watu wasibanane, kwa hiyo waliobaki nchi kavu wakawa wengi maradufu, kila mmoja akitaka kuiwahi kafyu. Na kafyu yenyewe haijaanza, polisi wakawarushia mabomu ya machozi, wakawapiga marungu na mateke, wakawalaza chini wamerundikana. Hebu fikiri, somo. Tulikuwa tukiwafundisha watu wasisogeleane, wasijiguse uso, wakikohoa wajizibe kwa kiwiko. Moshi ule unamfanya mtu akohoe, ateme mate na ajifute macho kwa mikono yote miwili.

Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi siku chache baadaye, na nilishukuru kumsikia. Lakini kwenye nyumba nilizokuwa nikiingia mimi hakuna aliyekuja kuwapa pole.

Hata hivyo, kwa maoni yangu feri haikuharibu kama karantini ilivyoharibu. Aliyekamatwa nje usiku alipelekwa karantini, sawasawa na aliyekutana na mgonjwa, na mwanzoni wengi walidaiwa gharama ya kukaa humo. Kutovaa barakoa kukawekewa faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha miezi 6. Kibarua wa bandarini ataitoa wapi? Basi ugonjwa ukawa kosa la jinai. Mwezi Mei, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale ukafungwa pamoja na Eastleigh ya Nairobi, na wahudumu walipokwenda kupima, watu wakajifungia ndani. Sikuwashangaa. Nani ajitokeze kupimwa ikiwa jibu lake litamtenga na wanawe na kumwachia deni?

Mwaka uliofuata tukaja sisi na sindano. Sare yetu si ya polisi, lakini serikali ni ileile. Mama mmoja aliniambia mlangoni, bila hasira hata kidogo: "Mwanangu alipigwa kivukoni kwa ajili ya korona hiyo. Leo mwanipenda tangu lini?" Nilikaa naye kibarazani hatukuizungumza chanjo tena siku ile. Mama huyohuyo wajukuu wake wote wamechanjwa polio na surua, kadi zao amezihifadhi kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha ndoa. Kwa hiyo wanaosema watu wa pwani hawana elimu ya chanjo, mimi siwakubali. Chanjo ya mtoto anaipeleka kwa muuguzi anayemjua kwa jina, na hakuna aliyewahi kumpiga mtu kwa ajili yake.

Na serikali haikujifunza. Agosti 2021 watumishi wa umma wakaamriwa wachanjwe la sivyo waadhibiwe. Novemba ikatangazwa kwamba kufika tarehe 21 Desemba asiyechanjwa asihudumiwe kwenye ofisi za serikali, ilhali watu wazima waliokamilisha chanjo walikuwa takriban mmoja kati ya kumi. Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo, lakini mimi nilikuwa nimeshafungiwa milango ambayo nilikuwa nimeanza kufunguliwa.

Yenu unayajua kuliko mimi. Takwimu zilikatika Mei 2020 mkiwa na wagonjwa 509, Januari 2021 Rais Magufuli akawaambia kule Chato kwamba chanjo hazifai, na Julai 28 mwaka huohuo Mama Samia akachanjwa mbele ya kamera. Ule ulikuwa ujasiri mkubwa na nampa heshima yake. Namkumbuka pia Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Mungu amrehemu, ambaye chama chake kilisema wazi kwamba ana korona wakati ambapo wengi walificha. Lakini angalia hili: mwanzoni mwa 2022 mlikuwa nyuma yetu, na baada ya mwaka mmoja na kidogo mkawa mmetupita kwa mbali. Nilivyosikia kwa wenzetu wa kwenu, chanjo iliwafuata watu minadani, misikitini, makanisani na majumbani, na hapakuwa na askari nyuma yake.

Kwa hiyo mkiketi kwenye kamati, ukisikia mtu anasema likija gonjwa jingine watu walazimishwe, tafadhali simama umpinge. Mwulize pia kituo cha kutengwa kitalipiwa na nani, na mtoto wa aliyetengwa atakula nini. Waulizeni hayo kabla gonjwa halijaja, maana likishaingia kila mtu hupiga kelele na wenye bunduki ndio husikika. Na mwombe mganga mfawidhi akutajie dozi zilizopo kweli kabla hamjatangaza siku ya chanjo.

Mimi natumai kuja Tanga baada ya Idi, In shaa Allah, na ningependa kuhudhuria kikao kimoja kama wataniruhusu. Niandikie mwakutana siku gani, na kwenye kamati hiyo wanawake mko wangapi.

Wako akupendaye,
Somoyo